Kabla ya kuuliza dawa, mtazame kuku

Swali ninaloletewa mara nyingi kuliko yote, kwa simu na pale getini, ni moja tu: "Nimpe dawa gani?" Halisemi kuku ana umri gani, wanaoumwa ni wangapi, wala kinyesi kina rangi gani. Kuna kuku amesinzia pembeni, mabawa ameyaachia, na mwenye kuku ana elfu tano mkononi anataka kuwahi duka la dawa za mifugo kabla halijafungwa. Nikianza kuhoji, wengine wanakereka. "Dada, we niambie tu dawa, huyu anakufa."

Nafuga Kihonda, hapa Morogoro, kuku wa kienyeji na chotara wachache, nyuma ya nyumba. Udaktari wa mifugo sijausomea. Ila kuishi mji mmoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuna faida yake: ukifika SUA na kuku aliyekufa ndani ya mfuko na maswali mengi mdomoni, hukosi mtu wa kukuonyesha kisu kinaanzia wapi. Na kwa kufuga na kusumbua watu nimefika mahali pa kuamini jambo moja, tena kwa ukali kidogo. Kuku wengi wa uani wanakufa huku wameshakunywa dawa, dawa ya fedha nzuri, iliyonunuliwa kabla mtu hajajua wanaumwa nini.

Kwa hiyo nauliza, hata kama mtu ananuna. La kwanza ni umri. Kifaranga wa wiki tatu na tetea wa mwaka mmoja hawaugui sawa. Kati ya wiki ya tatu na ya sita ndipo kuhara damu na Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku wadogo, hushika zaidi. Kuku wa miezi mitatu au minne anayeanza kuburuta miguu, mmoja umeenda mbele na mwingine nyuma, nafikiria Mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha, na huyo hana dawa wala chanjo ya kumwokoa kwa sasa. Chanjo yake huchomwa siku ile anapoanguliwa, kwa hiyo anayetotolesha kwa kuku mwenyewe uani huwa hanayo. Tetea mkubwa anayetaga ana orodha nyingine kabisa.

La pili ni wangapi, na kwa kasi gani. Mmoja kati ya ishirini ameumwa na wiki nzima hakuna wa pili? Basi hilo ni la kwake mwenyewe: yai limekwama, gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, limeziba, ameumia, minyoo imemzidi. Watatu leo na saba kesho ni habari nyingine, na hapo kichwani kwangu ni virusi mpaka nionyeshwe vinginevyo.

La tatu ndilo lenye kuchekesha. Nauliza nani mgeni ameingia bandani wiki mbili hizi, na jibu la kwanza ni "hakuna" siku zote. Tukiongea dakika tano zaidi anatokea: jogoo wa zawadi kutoka kwa shangazi Gairo, kuku wawili wa mnadani waliobaki baada ya sherehe, trei za mayai za kuazima kwa jirani ambaye naye kuku wake "walipata kamafua kidogo". Magonjwa ya kuku yana miguu, na mara nyingi miguu hiyo ni yetu sisi wenyewe na viatu vyake.

Halafu kuna wale ambao hawaumwi kabisa. Niliwahi kuitwa kwa kuku aliyekuwa amekaa siku ya tatu kwenye kiota, manyoya yamemsimama, hali vizuri, akiguswa anafoka. Alikuwa ameshaanza kupewa antibayotiki. Kuku yule alitaka kuatamia, basi. Kuku anayepukutisha manyoya shingoni na mgongoni baada ya msimu mrefu wa kutaga naye hana ugonjwa, anabadilisha nguo. Mchana wa joto wote wanahema midomo wazi na mabawa wameyatenga na mwili. Ukiwahamishia kivulini na kuwapa maji ya baridi wakatulia, hilo lilikuwa jua. Hata kinyesi kinadanganya. Kinyesi cha kawaida ni kahawia chenye kofia nyeupe juu, lakini kila baada ya vinyesi kadhaa kuku hutoa kimoja cha rangi ya chokoleti, chepesi, chenye harufu mbaya sana. Hicho hutoka kwenye vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo, na ni dalili ya utumbo unaofanya kazi. Watu wanakimbilia dukani kwa ajili yake.

Wakati mzuri wa kumkagua kuku ni usiku, wakiwa juu ya vichanja, mbio zimekwisha. Mshike, mabawa uyabane kwenye ubavu wako, umwache atulie. Mimi naanza na kidari. Pitisha vidole juu ya mfupa wa kifuani: kuku mwenye afya ana nyama iliyojaa pande zote mbili, na ukihisi mfupa umesimama peke yake kama ukingo wa kisu, huyo hajaanza kuumwa jana. Ana wiki kadhaa akiisha taratibu, kwa minyoo, kwa wadudu wanaomnyonya usiku, au kwa sababu wenzake wanamfukuza kwenye chakula. Kuku mnene aliyekufa ghafla anasimulia kisa kingine: kitu kimemwangusha haraka kabla hajapata muda wa kukonda.

Kutoka kidarini panda hadi kwenye gole. Asubuhi kabla hajala linatakiwa liwe tupu. Likiwa gumu, pengine kala majani marefu au nyuzi za kiroba zikajisokota humo ndani. Likiwa limejaa na linabonyea, na mdomoni kunatoka harufu ya kitu kilichochacha, chakula kimelala humo bila kushuka.

Kisha macho na pua, maana hapa ndipo watu wanapochanganya magonjwa matatu wakayaita yote mafua. Mapovu kwenye kona ya jicho, kukoroma usiku, kuku anaendelea kula huku akipungua taratibu: hayo ni mafua sugu, yanayoletwa na maikoplazma, na hupita hata ndani ya yai kwenda kwa kifaranga. Uso uliovimba ghafla, mara nyingi upande mmoja, na makamasi yenye kunuka ambayo unayasikia kabla hujamkaribia: hiyo ni koraiza, bakteria mwingine kabisa, na kuku akipona anabaki akiwabebea wenzake. La tatu si maambukizi hata kidogo. Ni jicho lililozibwa na uchafu mweupe, mgumu, ambao ukiubonyeza kwa upole unatoka kipande kizima. Hilo naliona zaidi mwishoni mwa kiangazi, kwa kuku waliofungiwa wakalishwa pumba za mahindi peke yake miezi mitatu, hawajaona jani. Ni ukosefu wa vitamini A. Mchicha, majani ya mlonge na vitamini kwenye maji vinafanya kazi ambayo antibayotiki haitaifanya hata ukimpa mwezi mzima.

Fungua mdomo. Utando wa njano unaong'ang'ania, ambao ukiubandua unatoka damu, ni ndui iliyoingia ndani. Inua bawa na upulize manyoya karibu na tundu la nyuma uone kama chawa wanakimbia. Tazama kuzunguka macho na kwenye upanga wa kichwani kama kuna vile viroboto vyeusi vilivyojishikiza visivyobanduka. Utitiri mwekundu hutauona kwa kuku mchana, kwa sababu mchana unajificha kwenye nyufa za mbao na chini ya vichanja. Pitisha tochi na kidole humo usiku, na kidole kikitoka na damu umepata jibu. Kuku wanaogoma kuingia bandani jioni wana sababu yao. Miguuni, magamba yaliyoinuka na kukakamaa ni kazi ya utitiri wa aina nyingine, na mafuta mazito yakipakwa mara kwa mara kwa wiki kadhaa yanauziba pumzi.

Halafu watu waache kusema "ana homa" kwa kumshika tu. Joto la kawaida la kuku ni kama nyuzi 41. Kila kuku mzima ana homa ukimpima kwa mkono wa binadamu.

Sasa kideri, ambacho wengine hapa wanakiita mdondo. Maelezo ya kwanza ya kitaalamu ya ugonjwa huu ni ya mwaka 1926, kisiwani Java na kule Newcastle, Uingereza, na karne nzima baadaye bado ndio unaosafisha mabanda ya uani nchini mwetu kuliko ugonjwa mwingine wowote, hasa kiangazi. Siku ya kwanza unaona wawili wamejikunja. Siku ya pili kinyesi cha majimaji ya kijani, wengine wanahema kwa kuvuta shingo, mate yanadondoka. Anayechelewa kufa anapooza bawa au mguu, au shingo inajipinda mpaka anatazama juu na kurudi kinyumenyume. Kundi ambalo halikuchanjwa linaweza kuisha lote, asibaki hata mmoja wa mbegu.

Hapo ndipo yale maji ya njano yanapoandaliwa. Mtu anakoroga oksitetrasaiklini kwenye ndoo, anawanywesha wote, na kuku wanaendelea kudondoka. Kideri ni virusi. Antibayotiki haivigusi. Kinachowapa watu imani ni kwamba mara nyingine wawili watatu wanabaki, na dawa iliyonunuliwa mwisho ndiyo inayopata sifa. Nimesikia watu wakiapa kwa dawa tofauti kabisa kuhusu mlipuko uleule katika mtaa uleule.

Tahadhari kidogo kuhusu rangi ya kijani, kwa sababu nayo imegeuzwa hukumu. Kuku yeyote ambaye hajala siku mbili atatoa kinyesi cha kijani, kwa kuwa kinachoshuka ni nyongo bila chakula. Kijani inakwambia hali. Haikwambii kwa nini. Ukiiona pamoja na vifo vya haraka, shingo kupinda na kundi lisilo na chanjo, hapo sawa, taja kideri.

Kinga ipo na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, hutengenezwa hapa kwetu na Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, na wafugaji wengi wanaifahamu kwa jina la TEMEVAC. Ubora wake kwa mtu wa kijijini ni kwamba inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, kwa hiyo safari ya basi kutoka mjini haiiui kirahisi, ingawa friji bado ndiyo nyumbani kwake. Ni tone moja kwenye jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, ndiyo maana mtaani kwetu tunachanga na kuchanja siku moja.

Utoaji wake una ustadi mdogo. Mmoja anashika kuku, wa pili analaza kichwa ubavu mpaka jicho linatazama juu. Chupa isimame wima kabisa, maana ukiilaza matone yanatoka madogo. Unabonyeza, tone linadondoka bila ncha kugusa jicho, halafu unasubiri. Kuku anapepesa, tone linatandaa, linazama. Ukimwachia kabla ya hapo anatikisa kichwa na dozi yako iko ukutani. Wale wanaotumia chanjo ya kwenye maji wanakumbana na jambo lingine: maji ya bomba yenye klorini yanaua chanjo kabla kuku hajainama kunywa. Tumia ya kisima au ya mvua.

"Chanjo imeua kuku wangu" ni malalamiko ninayoyasikia kila mwaka, na mara nyingi tarehe ndizo zinazojibu. Kideri kinaweza kukaa ndani ya kuku siku mbili hadi hata wiki mbili kabla hajaonyesha kitu, kwa kawaida siku tano au sita. Watu wanasubiri wasikie kuku wa jirani wamekufa ndipo wanakwenda kununua chanjo. Kuku wao tayari wana ugonjwa, chanjo inahitaji wiki moja au mbili kujenga kinga, na kifo kinatokea katikati. Lawama inakwenda kwa kichupa.

Kuku akishakufa, ndipo anaanza kusema kweli. Najua wengi wanamtupa shimoni kwa haraka, au kwa kinyaa, na huwa nasikitika, kwa sababu maiti ile ilikuwa na majibu yote ya swali la dawa. Kama vifo ni vya ghafla na vingi, na vichwa vimevimba au upanga umekuwa wa zambarau, usifungue kitu: mpigie afisa mifugo wa kata na ukae mbali, kwa sababu mafua makali ya ndege yanaweza kumpata na binadamu. Hali nyingine zote, ukivaa glovu na kufunika pua na mdomo, unaweza kutazama mwenyewe, au umpeleke kwa anayejua. Uwahi tu. Joto la Morogoro halisubiri. Kuku aliyekufa usiku ukamfungua saa nane mchana rangi zote zimeshaharibika. Kama kuna safari, mweke kwenye mifuko miwili ya plastiki na barafu pembeni, bila kumgandisha.

Unamlaza chali juu ya kiroba, unalowesha manyoya kwa maji ya sabuni ili vumbi lisipande, unakata ngozi kutoka chini ya kidari na kukinyanyua chote. La kwanza linaloonekana ni ini. Likiwa limevimba na lina rangi ya shaba yenye ukijani, na alikuwa tetea mkubwa aliyeharisha njano, homa ya matumbo ya kuku iko mbele yako. Ukikuta uji wa njano umetapakaa tumboni na utumbo umegandana, yai lilikosa njia likapasukia ndani. Fuata utumbo polepole. Minyoo mirefu myeupe humwagika yenyewe ukiupasua, mingine imejaa mpaka imeziba, na hapo unajua kwa nini chakula chote kile hakikuwa nyama kidarini. Kile kitumbo kidogo kilicho kabla ya firigisi ukipasue na ukisuuze: madoa mekundu ya damu kwenye ukuta wake wa ndani yanakielekea kideri, ingawa kutokuwepo kwake hakukitoi hatiani. Mwisho ni vile vifuko viwili. Vikiwa vimevimba, vyeusi, na ndani ni damu tupu iliyoganda, huna haja ya kuuliza zaidi kuhusu vifaranga vyako waliobaki.

Hiyo ndiyo kuhara damu, koksidiosisi, na ni ugonjwa ninaoupenda, kama mtu anaweza kusema hivyo, kwa sababu huu unatibika ukiwahi. Kimelea kinatoka kwenye kinyesi kikiwa bado hakina nguvu ya kuambukiza. Kinahitaji unyevu, joto na siku moja au mbili kukomaa. Maranda makavu yanakinyima nafasi. Chombo cha maji kinachovuja kinakipa kila kitu. Ndiyo maana masika vifaranga wanakwisha na kiangazi wanapona, na ndiyo maana nikiingia kwenye banda la vifaranga nachota konzi ya maranda karibu na maji na kuibinya. Ikigandamana, tatizo liko hapo.

Dawa yake ya kawaida ni amproliamu, kwenye maji, siku tano hadi saba kwa kipimo cha kwenye pakiti. Jirani yangu mmoja aliitumia barabara na vifaranga wakaendelea kufa. Nikamuuliza amewapa nini kingine. "Vitamini, mama, wapate nguvu." Ndoo moja, dawa na vitamini pamoja. Amproliamu inafanya kazi kwa kujifananisha na vitamini B1: kimelea kinaidaka kikidhani ni chakula, kinakosa B1 ya kweli, kinakufa. Ukimwaga vitamini B humo humo umekiletea kimelea kile ulichokuwa unakinyima. Vitamini zinasubiri dawa iishe, kisha wape kwa wingi. Maelezo haya yalitakiwa yatoke dukani.

Na duka, basi, niliseme. Wapo wauzaji wazuri, wanaouliza maswali kuliko mimi. Wapo pia wale wanaokupa pakiti tatu za rangi tofauti na neno "changanya zote, inatibu kila kitu". Dawa inayotibu kila kitu kwa kawaida ni antibayotiki mbili zilizofungwa pamoja na vitamini ya kupendezesha. Kwa koraiza, kwa mafua sugu, kwa homa ya matumbo, antibayotiki ina kazi, kila moja na yake, kwa siku zilizoandikwa bila kukatisha kuku akichangamka. Kwa kideri, ndui, Gumboro na Mareksi ni maji ya rangi. Ndui inapitishwa na mbu, huisha yenyewe wiki tatu au nne kama haijaingia mdomoni au kufunga macho. Paka vidonda ayodini, mpe maji karibu, basi.

Kinachoniudhi zaidi ni mayai. Kuku anakunywa antibayotiki Jumatatu, Jumanne yai liko mezani kwa watoto au limeuzwa gengeni. Pakiti ina mstari mdogo unaosema mayai na nyama visiliwe kwa siku kadhaa baada ya dozi ya mwisho, na nyingine zinasema zisitumike kabisa kwa kuku wanaotaga. Mstari huo usomwe dukani, kabla ya kulipa. Mayai ya siku hizo yafukiwe, inauma, najua bei ya trei.

Nitaulizwa kuhusu mitishamba, kwa hiyo nijibu. Majivu kwenye shimo la kuogea vumbi nayakubali bila ubishi, chawa wanapungua. Kitunguu saumu sina ugomvi nacho. Shubiri mwitu na mwarobaini kwenye maji ya kuku ambaye tayari anaumwa sipendi, kwa sababu moja ya kawaida sana: ni chungu, na mgonjwa anayehitaji kunywa zaidi anaanza kunywa kidogo. Na pilipili kichaa kwa kideri, hapana.

Kazi kubwa ya kumtibu kuku haiko kwenye pakiti yoyote. Mtenge siku ile ile unapomtilia shaka, mahali pakavu, pasipo upepo, mbali na wengine, na umhudumie wa mwisho baada ya wazima ili usirudishe ugonjwa kwa mikono. Maji yenye sukari kidogo na chumvi chembe. Chakula kilicholowekwa. Aliyekwama yai mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu nusu saa, mwili wa chini uzame, kisha mweke gizani atulie. Wengi wanalitoa wenyewe. Usilibonyeze. Likipasukia ndani umemuua.

Kuna wakati jibu sahihi ni kumwondoa. Mwenye shingo iliyopinda asiyeweza kudonoa, mwenye Mareksi aliyelala ubavu, hao sioni haki ya kuwaacha wiki mbili wakifa polepole. Lakini kuwachinja wagonjwa haraka haraka ili wauzwe sokoni "kabla hawajafa", jambo linalofanyika kila mlipuko, ndilo linalosafirisha kideri kutoka kata hadi kata, na manyoya na utumbo vinavyotupwa jalalani vinamalizia kwa mbwa na kunguru. Wafu wafukiwe kina cha kutosha, chokaa au majivu juu, na afisa mifugo ajulishwe. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 ipo, na mlipuko kama huu hautakiwi kufichwa.

Banda likishaisha, toa maranda yote uyachome, sugua kwa sabuni, nyunyiza dawa ya kuua vijidudu, kisha acha jua lifanye kazi. Mimi siingizi kuku mpya kabla ya mwezi kupita. Nikinunua, nanunua kwa mtu anayeweza kuniambia alichanja lini, nawatenga wiki mbili mbali na banda, nawachanja humo humo. Na kama una haraka ya kitoweo cha sikukuu, nunua kuku wa mnadani kwa amani kabisa, achinjwe na kunyonyolewa huko huko, nyumbani aje na ndoo.